Nilivyopunguza chumvi kisimani bila kuongeza kina

"Ongeza kina, utakutana na maji baridi," yaani yasiyo na chumvi. Mafundi watatu walinipa ushauri huo, na kwa kisima changu cha Jambiani, Unguja, karibu na ufukwe, huo ni ushauri wa kuua kisima. Kwenye mwamba wa matumbawe maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kila sentimita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina takribani 40 chini yake. Kwa hiyo pampu ikishusha maji sentimita 10 yakabaki hivyo, chumvi inaweza kupanda mita 4. Ukichimba unaifuata.

Nilipima kwa kalamu ya EC, ile inayoonyesha maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda, na namba zote hapa ni za maikrosimensi kwa sentimita (µS/cm). Isawazishe kwanza kwa maji maalumu ya 1413, na usisome ppm (makadirio ya chumvi yanayotokana na EC): kalamu moja huzidisha kwa 0.5, nyingine 0.7, na watu hugombana juu ya maji yale yale.

Kazi ilikuwa kupata maji ya chini. Ndoo huleta ya juu tu, matamu, ukajidanganya. Nikatumbukiza chupa ya plastiki yenye kizibo cha kuvutwa kwa kamba ya pili: ilipofika mita 3 ikasinyaa kama embe lililofyonzwa, na kizibo kikazama ndani. Chupa ya soda ya kioo ndiyo iliyoweza. Funga jiwe la kilo 1 chini yake, kata kizibo kutoka kwenye kandambili kuukuu, kipana juu na chembamba chini ili msukumo wa maji usikimeze, kisha tia fundo kwenye kamba kila nusu mita. Ukifika kina unachotaka, vuta kamba ya kizibo kwa mshtuko mmoja, ngoja mapovu yaishe, pandisha. Juu nilipata 1,700. Mita 4 chini, zaidi ya 6,000. Na futi valvu, mdomo wa bomba la kunyonya, ilikuwa imelala huko huko chini!

Nikaipandisha, nikaining'iniza sentimita 40 chini ya uso wa maji kwa dumu tupu linaloelea. Isikae juu zaidi ya hapo, itanyonya hewa. Kisha nikabana geti valvu ya upande wa kutolea (ukibana upande wa kunyonya unaua pampu) mpaka ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 70 badala ya 25. Simtanki la lita 1,000 sasa huchukua karibu saa nzima, na majirani wananicheka.

Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, pima kila saa, mchana kutwa. Kwangu chumvi hufika kilele kama saa mbili baada ya bahari kujaa, hivyo navuta maji bahari ikiwa imekupwa. Chako huenda kikawa na saa zake, kwa sababu nyufa za mwamba hazifanani.

Bombani EC ilikuwa 3,900, sasa ni 1,800 hivi. Sehemu ya sifa ni ya masika, sitaki kuiba. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya asili ya kunywa ni 2,500, lakini EC haioni vijidudu, na nyufa hizo hizo hupitisha maji ya choo. Ya kunywa bado tunachemsha.