Inchi 27 zilizonitia hasara

Kila niliyemuuliza kuhusu monita alinijibu neno lile lile: chukua kubwa, chukua iliyopinda. Nikatii. Nikarudi Amu (Lamu) na monita ya inchi 27, Hz 165 (picha 165 kwa sekunde), elfu ishirini na kitu. Usiku ule kwenye gemu ya mpira ilikuwa raha tupu. Asubuhi nikafungua jedwali la hesabu, ndipo nikajua nimebebeshwa.

Namba ambayo hakuna mshauri aliyeitaja ni 1080p. Pikseli ni 1920 kwa 1080 tu, kioo kiwe inchi 24 au 27. Kwenye 24 hubanana kiasi cha 92 kwa kila inchi. Kwenye 27 hutawanyika zikabaki 82 hivi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kioo, herufi huota meno ya msumeno: mkia wa g huwa ngazi ngazi, na 8 hufanana na 6, jambo ambalo kwenye hesabu za watu si mzaha. Nikapandisha maandishi hadi asilimia 125. Herufi zikanenepa, meno yakabaki, na safu za jedwali zikapungua. Nikaendesha ClearType, ile programu ya Windows ya kusawazisha herufi, raundi tatu. Nafuu kidogo. Nikasogeza kiti nyuma hadi karibu mita moja. Meno yakapotea, nami nikawa nasoma kwa kukodoa macho. Hakuna mpangilio wa kuongeza pikseli ambazo hukuzinunua.

Tena kioo chenyewe kilikuwa cha aina ya VA. Weusi wake ni weusi kweli, utofauti wa mweupe na mweusi wa 3000 kwa 1 ambapo IPS ya kawaida, aina nyingine ya kioo, ni 1000 kwa 1. Lakini pikseli za VA nyingi za bei ya chini hukawia kutoka kwenye weusi kwenda kijivu, basi ukigeuka ghafla ndani ya gemu ya gizani vivuli huburura mkia kama wino uliomwagika. Ile "ms 1" (milisekunde moja) ya kwenye boksi isikulaghai. Ikiwa pembeni pameandikwa MPRT, hiyo imepatikana kwa kupepesa taa ya nyuma, si kwa wepesi wa pikseli. Monita ile nilimwachia kijana mmoja mwenye PS4, mashine ya gemu, kwa bei ya kutupa. Kwake yafaa: PS4 ya kawaida haitoi zaidi ya 1080p kwa Hz 60, naye huchezea kitandani, mita mbili mbali.

Ya pili nikachagua kwa akili yangu: inchi 27, IPS, 2560 kwa 1440, Hz 144. Hapo ni pikseli 109 kwa inchi, maandishi kwenye asilimia 100 bila kuguswa. Mzigo huangukia kadi ya picha, maana pikseli ni karibu mara 1.8 ya zile za 1080p. Mimi nina GTX 1660 Super. Gemu nzito nashusha vivuli, nyepesi zinapaa. Mwenye kadi dhaifu zaidi achukue inchi 24 ya 1080p, IPS, asione haya. Hz 240 niliziacha dukani bila majuto: kutoka 60 hadi 144 kila picha hukaa ms 6.9 badala ya 16.7, lakini kutoka 144 hadi 240 unaokoa ms 2.8 tu. Mwanga mkali pia washauri wangu waliuimba sana. Nyumba za mawe zina giza hata saa saba mchana, niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) zanitosha na bado nazipunguza. Anayekaa chini ya makuti juu ya paa ndiye azitafute 350 na zaidi.

Dukani nenda na penseli. Shusha mwangaza wa monita hadi chini kabisa, fungua ukurasa mweupe, pepea penseli mbele yake kwa kasi. Ukiona ukungu mmoja laini, taa haipepesi. Ukiona penseli nyingi zilizojipanga kama vidole, inapepesa, na ukikesha nayo kichwa chaweza kuuma. Muuzaji alinitazama kama niliyepagawa. Kisha jaza kioo rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, utafute pikseli iliyokufa kabla hujatoa pesa.

Ukivuka na boti kutoka Mokowe, gati la bara: boksi lifungwe nailoni, lisimame wima, lipakatwe. Usiliweke chini karibu na ngama, na ukishuka usimruhusu mtu kulitia kwenye shogi la punda. Kwenye vichochoro vyetu kona moja tu yatosha kukibonyeza kioo ukutani. Mkono wa kushikilia monita (matundu ya nyuma 100 kwa 100, skrubu M4) niliujaribu ukutani, ukang'oka na chokaa yake. Sasa umebana ukingo wa meza.

Halafu, baada ya hekima yote hiyo, gemu ikawa nzito kuliko kwenye ile mbovu. Nilikuwa nimechomeka kebo ya HDMI, na mlango wa HDMI wa monita hii ni toleo 1.4, ambalo kwa 1440p huishia Hz 75 hivi. Nikachomeka kebo ya DisplayPort, kwenye kadi yenyewe na si kwenye ubao mama. Bado nzito! Windows ilikuwa imejiwekea 60. Ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague 144. Kisha washa G-Sync, inayooanisha kasi ya monita na ya kadi, kwenye mipangilio ya NVIDIA. Kadi za GeForce kuanzia GTX 10 hukubaliana na monita nyingi za FreeSync (mfumo kama huo wa AMD) kupitia DisplayPort. Overdrive, mpangilio wa monita wa kuharakisha pikseli, iache katikati, ukiipandisha mwisho vitu huacha kivuli cheupe nyuma.

Usiamini macho yako kwamba imekubali. Irekodi kwa simu, video ya polepole ya picha 240 kwa sekunde, huku ukizungusha kishale cha mausi. Kwenye Hz 60 kishale husimama picha nne nne kabla ya kuruka. Kwangu sasa ni moja au mbili tu.