Nipishe, si tupishe

"Hebu nipishe, mwanangu." Hivyo tu. Tangu Jumanne maneno hayo ya shangazi hayajanitoka. Arusi imekuja ikapita, wageni wa Siyu na Faza wamesharudi kwao, mimi ningali palepale juu ya ngazi.

Mnaijua ngazi yetu ya kidari cha meko, jiko letu la juu darini, watu wawili hawapandi sambamba. Nilikuwa nimesimama kidato cha juu. Shangazi ana sufuria la mchuzi mikononi, somo wa bibi arusi, yaani kungwi wake, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Niliposikia "nipishe", nikateremka moja kwa moja hadi dakani, ukumbi wa mlango wa nje, nikakaa huko mpaka magharibi. Nilijua nafukuzwa.

Maana kupisha kuna namna mbili. Ndiani au mlangoni, mtu anataka upenyo: jibane ukutani, apite, kisha rudi ulipokuwa. Lakini chumbani watu wameketi, "tupishe kidogo" ni kuambiwa utoke, kuna maneno yasiyokuhusu. Ndiyo ile ya habarini, mkubwa akikaa kando "kupisha uchunguzi", na ndiyo ya mashamba ya Kililana yaliyopisha bandari mpya ya Lamu. Hapo hakuna kujibana, ni kuondoka. Na hiyo "hebu" ikitangulia, ombi husogea karibu na amri. Ndiyo iliyonichoma.

Wengi huchanganya pisha na pitisha. Zote ni watoto wa pita. Katika pisha, t imegeuka sh, kama pata ilivyozaa pasha, ile ya kupashana habari. Ukimpisha mtu, miguu ni yake, wewe unatoa nafasi tu. Ukimpitisha, kazi ni yako, kama unavyopitisha uzi tunduni mwa sindano. Kwa hiyo mwenye punda, mashogi ya mgongoni yamejaa mchanga, akifika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, hulia "Nipisheni!", halii "Nipitisheni!". Punda atapita mwenyewe. Anachotaka ni magoti yetu yarudi barazani. Hata katika "Mungu apishe mbali" ni hivyo hivyo: baya lina safari yake, twaomba tu lisipitie kwetu.

Jana usiku, nimelala, ndipo nilipokiona kiambishi. Alisema *ni*-, hakusema *tu*-. Somo alikuwa papo hapo. Lau wangekuwa na siri yao, ingekuwa "tupishe". Shangazi alikuwa na sufuria la moto na ngazi ni moja. Alitaka nirudi nyuma hatua moja, nimjibu kama tunavyojibu sote, "Pita, shangazi." Na lile "mwanangu" la mwisho, mbona sikulisikia? Nikamwacha ateremshe masufuria matatu peke yake, na goti lake ni lile linalomsumbua, mnalijua.

Asubuhi nitapanda nimwombe radhi kabla hajawasha moto.