Shotigani Kuukuu Iliyogoma Kulia: Nilivyoirudisha Kazini

Risasi ikigoma kulia, bunduki usiikunje kuifungua hapo hapo. Mtutu unabaki umeelekea palepale penye usalama, unahesabu sekunde 30 au zaidi, kwa sababu baruti huweza kuchelewa kushika moto ikalipuka wakati umeshafungua. Hilo tulifundishwa darasani hapa Pennsylvania, Marekani, ambako mwindaji mpya hapati leseni bila kupita mafunzo ya usalama, na ndilo nililofanya siku shotigani yangu ya Topper ilipotoa mlio mkavu wa chuma na kunyamaza. Muda ulipopita nikaikunja, nikatoa ganda la njano, nikaligeuza kutazama kitako chake.

Majibu mengi yako pale kwenye fataki, kile kidude cha mviringo katikati ya kitako kinachopigwa na pini ili kuwasha baruti. Fataki iliyopigwa vizuri huwa na kishimo cha mviringo kilichozama waziwazi. Hii yangu ilikuwa na alama ndogo tu, kama mtu kaigusa kwa ncha ya kalamu, lakini ilikuwa katikati kabisa. Kukaa katikati kuliniambia mtutu na pini ya kufyatulia vimelingana. Kutozama kuliniambia pigo ni dhaifu, au risasi ina nafasi ya kurudi nyuma pini inapoigonga. Nikabadilisha risasi, nikaweka za kiwanda kingine zilizonunuliwa juzi tu. Alama ikawa ileile. Basi risasi hazina kosa, tatizo ni bunduki.

Yenyewe ni H&R Topper, modeli 158, geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mtutu mmoja, ile inayokunjika katikati ukitaka kuipakia. Harrington & Richardson walikuwa kiwanda cha Massachusetts, kilianza miaka ya 1870, na kampuni ile ya asili ikafungwa mwaka 1986. Modeli hii ni ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Niliinunua dukani kwa njia halali, nikajaza fomu ya serikali na kukaguliwa rekodi zangu kama mnunuzi mwingine yeyote. Haikuwa bei kubwa. Watu wengi huku wanaziona bunduki hizi kuwa za kuanzia tu, za kumfundishia mtoto wa shamba kuwinda sungura. Mimi naipenda hasa kwa sababu hiyo: ina vipande vichache, kila kipande unakiona kinachofanya, na nyundo inayoigonga pini iko nje mbele ya macho yako, unajua imevutwa au haikuvutwa.

Rafiki yangu tunayewinda naye, mtu wa Mbeya, aliniambia kwenye simu, "Kaka, usijisumbue. Agiza mtutu mwingine mtandaoni, fungua huu, funga ule, umemaliza." Nikamwambia kwa bunduki hizi haiendi hivyo. Mtutu wa H&R hulinganishwa na mwili wake kiwandani, na mtutu wa bunduki nyingine unaweza kuingia vizuri tu machoni, kumbe haukufunga inavyotakiwa. Hiyo ni hatari iliyojificha. Halafu, kwa nini ninunue mtutu kabla sijajua mgonjwa ni nani?

Niseme hapa kwa wanaosoma wakiwa nyumbani: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya nako wana sheria yao ya silaha, na kutengeneza bunduki ni kazi ya mwenye kibali. Ninayoyaeleza ni ya mwenye silaha halali katika jimbo linalomruhusu kuisafisha na kuirekebisha mwenyewe. Kama hapo ulipo hairuhusiwi, soma ili ujue la kumwambia fundi.

Nilikagua mara mbili kwamba hakuna risasi kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole, na risasi zote nikazitoa chumbani, zikakaa chumba kingine. Mtutu nikautoa kabisa. Sasa ule ukuta wa chuma unaokaa nyuma ya risasi ulikuwa wazi, na tundu la pini linaonekana katikati yake. Nyundo niliivuta kwa dole gumba na kuisikiliza: ilikuwa nzito, inarudi kwa nguvu. Springi kubwa inayoisukuma nyundo, basi, nikaiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Kisha nikaisukuma pini kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao. Pini isiyo na kasoro inatakiwa ichomoze mara moja, na ukiiachia irudi yenyewe. Hii ilikwenda kwa kujivuta, ikachomoza kidogo, ikabaki hapo hapo. Nilipoona vile nilifurahi kweli. Pini inayojivuta hula nguvu ya nyundo njiani, na fataki inafikiwa na mabaki.

Kinachosababisha hali hii katika bunduki za umri huu ni mafuta. Wenye bunduki wa zamani walikuwa wakizimiminia mafuta ya mashine, wanazisimamisha kabatini mtutu ukiwa juu, na mafuta yanateremka ndani ya mtambo. Miaka inapita, yanakauka yakawa gamba la rangi ya kahawia, gumu, linalonata. Ukiongeza mafuta mapya juu yake bunduki italainika kwa wiki moja, mbili, kisha inarudia.

Kitako cha mbao kinashikwa na boliti ndefu inayopita ndani yake. Ukiondoa kibati cha nyuma unaifikia kwa bisibisi ndefu. Kwenye bisibisi nawasihi msifanye ubahili. Bisibisi za kawaida zimechongwa kama kabari, zinagusa ukingo wa juu tu wa mfereji wa skrubu, na zikiteleza zinaacha kovu lisilofutika. Za mafundi bunduki zina ncha yenye pande sambamba, zinajaa mferejini. Skrubu zilizokwama nilizitilia mafuta ya kupenyeza, nikaziacha zilale usiku kucha. Miwani ya kukinga macho nayo ivaliwe, maana springi iliyobanwa haina simile. Na kila kipande kinapotoka, piga picha ya simu kabla hujakigusa.

Pini ilipotoka ilikuwa imevikwa lile gamba pande zote, na kijispringi chake kimelala, mizunguko yake imegandamana. Niliviloweka kwenye dawa ya kusafishia breki, nje ya nyumba kwa sababu ya mvuke, nikasugua kwa mswaki wa zamani, na tundu nikalipitisha kijiti chenye pamba mpaka pamba ikatoka nyeupe. Ncha ya pini niliitazama kwa kioo cha kukuza. Inatakiwa iwe mviringo laini. Ikiwa kali hutoboa fataki na gesi inamrudia mpigaji usoni, ikiwa bapa pigo linatawanyika. Yangu ilikuwa imeanza kuwa bapa upande mmoja. Wako watu wangeikwaruza kwa tupa. Mimi niliagiza pini na springi kutoka Numrich, wauzaji wa vipuri vya bunduki za zamani walioko New York. Pini ikipunguzwa imefupika, na kutoifikia fataki vizuri ndio ugonjwa wenyewe niliokuwa nautibu.

Likabaki komeo. Bunduki hizi hufungwa na komeo linaloteleza juu ya ulimi ulio chini ya mtutu, nalo limekaa kimshazari, ili likichakaa lizidi kuingia na kuendelea kubana. Mtutu wangu ulikuwa ukicheza kidogo ukiutikisa baada ya kufunga. Nikaupaka ulimi moshi wa mshumaa, safu nyembamba nyeusi, nikafunga, nikafungua. Moshi ulikuwa umefutika kwenye ukingo mmoja tu. Kwa taa nikaona kwa nini: uchafu uliogandamizwa kwenye kona, mgumu hata nikaudhania chuma, unalizuia komeo kufika mwisho. Niliung'oa kwa kijiti cha shaba, ambacho hakikwaruzi chuma, nikafuta kwa dawa ileile. Hapo pa kukutania komeo na ulimi panaachwa pakavu. Mafuta pale huligeuza komeo kuwa la kuteleza, na Topper yenye mafuta hapo inaweza kujifungua yenyewe inapolia. Nilirudia moshi, ukafutika upana wote wa ulimi, na kutikisika kukaisha.

Na kama kusingeisha? Hapo kazi yangu ingekuwa imefika ukingoni. Msasa na tupa havigusi mahali pale, hata kwa nia njema, kwa kuwa chuma kilichoondoka hakirudi na ndicho kinachoizuia presha isikupasukie mkononi. Hata baada ya kuona mambo mazuri nilimpelekea fundi bunduki mwenye leseni mjini, mzee mmoja mwenye mikono isiyo na haraka. Alipima kwa vipimo vyake nafasi iliyobaki nyuma ya kitako cha risasi, akaukagua mtutu kwa mwanga kama umevimba au una mashimo ya kutu, akasoma maandishi ya urefu wa chemba. Kisha akaweka ganda lenye fataki peke yake, bila baruti wala marisau, akafyatua. Fataki ililia. Alinionyesha kishimo chake: kimezama, mviringo, katikati.

Nilimuuliza pia kwa nini maganda ya geji 20 huwa ya njano, akaniambia ni kwa usalama. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mtu akiona chemba tupu akatia ya geji 12 nyuma yake, mtutu unapasuka. Nyumbani kwangu geji hizo mbili hazikai kabati moja.

Kwenye uwanja wa shabaha bunduki ilikubali risasi zote nilizoipa, za viwanda vyote viwili. Kilichobaki ni kitoa maganda. Ganda linapaswa kuruka lenyewe ukikunja. Sasa linachomoza nusu nalivuta kwa kucha. Hicho kitoa maganda nimekisafisha na bado ni kizito, kwa hiyo naamini springi yake imechoka. Mpya nimeshaiagiza, na sungura wataanza kuwindwa kabla haijafika. Kwa kucha naweza.