Lori la mafuta limelala, we unarekodi?

Juzi natoka Tunduma, kufika mteremko wa Mbalizi tukakuta tenki la petroli limelala ubavu, na watu badala ya kukimbia wametoa simu wanarekodi, dogo mmoja kasogea mpaka ndala zimelowa! Jamani, Msamvu pale Morogoro 2019, lori la mafuta lilipolipuka, si walikufa zaidi ya 100? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka mtaroni huuoni, cheche kidogo tu basi. Konda wetu akataka kupiga simu hapohapo, mama mmoja akamkatiza, "We mwanangu, sogea kwanza!" Tukapanda juu upepo unakotokea ndo akapiga 114, zimamoto. Chaji yenyewe asilimia 4, njia nzima kashinda na singeli.