Joto kwanza, lehemu baadaye

Vifundo vya mikono ndivyo vilivyonifikisha hapa. Mimi ni mtu wa kuandika kutwa, na ikifika jioni nasikia maumivu upande wa kidole kidogo, kwa sababu kibodi ya kawaida inakubana viwiko mbavuni kisha inakupinda viganja kwenda nje. Iliyogawanyika vipande viwili inakuacha uweke kila mkono mbele ya bega lake. Nikachagua Corne: vitufe 42, 21 kila upande. Inakuja bodi tupu na vifuko vya vipuli, na mimi sijawahi kushika chuma cha kulehemu.

Siku ya kwanza nililehemu kama anayepaka gundi. Nayeyusha waya kwenye ncha, tone linajikusanya, nalibeba hadi kwenye mguu wa dayodi, kipuli kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Tone likakaa juu kama ushanga, la kijivu, na nilipoutikisa mguu ukacheza. Nikaongeza lehemu. Ukazidi kucheza.

Ndani ya waya wa lehemu mna utomvu, na kazi yake ni kusafisha shaba ili lehemu ishike. Ukiuyeyushia kwenye ncha unaishia moshi kabla haujafika panapotakiwa. Kwa hiyo ncha iguse mguu na duara la shaba linalozunguka tundu lake kwa pamoja, uhesabu moja, mbili, ndipo ulete waya kutoka upande wa pili na uguse kiungo chenyewe, si chuma. Nilipofanya hivyo lehemu ilitulia kidogo, kisha ghafla ikateleza, ikauzunguka mguu, ikazama tunduni na kuacha kichuguu kidogo kinachong'aa, mbavu zake zimebonyea kwa ndani. Nilikitazama kwa kioo cha kukuzia kwa muda mrefu. Kilikuwa kizuri kweli.

Natumia lehemu ya bati 63 na risasi 37, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Isiyo na risasi inataka zaidi ya 215, na kwa mkono mgeni hiyo ni kazi nyingine. Chuma nakiweka 330, dirisha wazi, na nikimaliza nanawa mikono kabla ya kugusa chochote.

Kila dayodi ina mstari mweusi upande mmoja. Usiupuuze, maana umeme unapita kuelekea huko tu, na bila dayodi ukibonyeza vitufe vitatu pamoja kompyuta inaweza kuona cha nne usichokigusa.

Kosa lililoniuma ni jingine. Bodi za Corne zinafanana. Unaigeuza moja iwe ya kulia. Mimi sikuigeuza. Dayodi 18 zilikuwa zimeshakaa upande ambao swichi, zile zinazobonyezwa chini ya vitufe, zinatakiwa kulala, nikawa na mikono miwili ya kushoto. Nikazitoa moja moja kwa mkanda wa shaba wa kunyonya lehemu, na kwenye ya tano nilikawiza joto mpaka duara la shaba likabanduka. Njia yake nimeiunga upya kwa kipande cha mguu wa dayodi niliokuwa nimeukata. Kimeshika.

Kabla ya swichi nikajaribu kwa kibano, nikiunganisha matundu mawili ya kila kitufe. (Waya unaounganisha pande mbili usiuchomoe umeme ukiwa unaingia, plagi yake inagusanisha njia zisizopaswa kukutana.) Q ikaja. A ikaja. Z ikaja. W, S na X kimya.

Kitufe kimoja kikigoma unashuku dayodi yake, safu nzima ya juu hadi chini ikigoma unatazama kidhibiti, kile kibodi kidogo chenye chipu inayosoma vitufe. Mguu wake mmoja ulikuwa na ule ushanga wa kijivu wa siku ya kwanza. Nikapaka utomvu kidogo, nikaweka ncha, moja, mbili, ushanga ukaanguka ukawa kichuguu.

W. S. X.

Swichi 42 bado zimo kifukoni. Naanza leo usiku, kona ya juu kushoto.