Geji mbili zikiongopa pamoja

Leo nimeshinda nimejikunja chini ya dashibodi ya Land Rover Series III, nimetoka na vumbi hadi puani, na nina furaha ambayo mtu asiye na gari kuukuu ataiona ya ajabu. Kwa muda sasa mshale wa temprecha umekuwa ukikimbilia kwenye nyekundu, ilhali injini haichemshi. Maji hayapungui, rejeta haitoi mvuke. Nilipopima joto penye thamostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta yakishapata moto), kipimajoto kilisoma nyuzi 84. Thamostati yenyewe hufunguka kwenye 82, kwa hiyo hapo hakuna kesi.

Kila niliyemweleza alisema: badilisha sensa, ile inayopima joto la maji ya injini. Ushauri huo huja upesi kwa sababu sensa hutoka kwa spana moja tu. Mimi kilichonitia shaka ni geji ya mafuta: nayo ilikuwa ikidai tangi limejaa wakati najua nimeshatembea nalo mbali. Geji mbili zikizidisha kwa pamoja, sensa ya maji inahusikaje na tangi?

Kwenye magari mengi ya Uingereza ya zama zile, geji hizi hazipati umeme wa betri moja kwa moja. Kuna kikopo kidogo cha kudhibiti volti, kinachozilisha wastani wa volti 10. Ndani yake mna kibati cha metali mbili kilichozungushiwa waya: kikipata moto kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinaurudisha. Mshale hauchezi kwa sababu geji zenyewe ni nzito kusogea. Sasa kikopo hicho kikikosa ethi (mguso na bodi ya gari, ambako umeme hupitia kurudi kwenye betri), ule waya haupati moto, umeme haukatwi, na geji zinabugia volti zote za betri.

Ndivyo ilivyokuwa. Chini ya skrubu inayokishika kikopo, bati la bodi lilikuwa limefanya ukoko mweupe, na mita ya umeme niliyopimia kikopo ilikaa kwenye volti 12 na ushei bila kutikisika. Nilipiga msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza. Mshale wa mita (ya mshale, maana ya tarakimu ingenichanganya) ukaanza kupanda na kushuka. Raha iliyoje!

Temprecha sasa inatulia katikati. Sensa nitaitia kwenye sufuria ya maji siku nyingine, nione omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zikishuka kadiri maji yanavyopata moto, ila sina haraka nayo. Cha haraka ni mafuta: geji imeanza kusema kweli, na tangi li karibu tupu.