Nilivyopanga kuomba tena udaktari Marekani huku nikisubiri mwaliko wa usaili

Kwa anayeomba vyuo vya udaktari Marekani kupitia AMCAS, mfumo wa pamoja unaopokea ombi moja na kulipeleka kwenye vyuo vingi, swali la "mbona hawaniiti?" lina maana pale tu unapojua siku zinahesabiwa kuanzia wapi. Hazihesabiwi tangu siku uliyotuma fomu. Mimi nilihesabu tangu siku faili lilipokamilika chuoni, na kati ya siku hizo mbili miezi mitatu inaweza kupita.

Fomu hufunguliwa mwanzoni mwa Mei, hupokelewa kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na vyuo huanza kutumiwa mafaili mwishoni mwa Juni. Katikati hapo kuna uhakiki: AMCAS hulinganisha kila somo ulilojaza na nakala rasmi ya matokeo, na haianzi mpaka nakala za vyuo vyote ulivyosoma ziwe zimefika. Anayetuma mapema hukuta foleni fupi. Wa Julai anaweza kusubiri wiki kadhaa. Kisha chuo hukutumia maswali yake chenyewe, ambayo nilijiwekea kuyarudisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo ndipo wanatazama kama wana barua za mapendekezo, alama za MCAT (mtihani wa kujiunga na vyuo vya udaktari) na, kwa vyuo vinavyoutaka, Casper, mtihani wa mtandaoni unaopima busara na maadili katika hali mbalimbali. Kimoja kikikosekana, faili linalala.

Kwa hiyo nilitengeneza jedwali, kila chuo mstari wake, safu nne za tarehe: kuhakikiwa, kupokea maswali, kuyarudisha, faili kukamilika. Mstari mmoja ulinifundisha mengi. Majibu yalirudi Julai 24, lakini safu ya mwisho ilikaa tupu hadi Septemba. Barua ilikuwa imeshafika AMCAS, ila sikuwa nimeielekeza kwa chuo kile. Kila barua lazima uielekeze chuo kwa chuo. Tangu hapo, siku kumi baada ya kurudisha majibu naingia kwenye akaunti ya mwombaji ya kila chuo na kusoma hali ya faili kwa macho yangu, na folda ya barua taka naifungua kila siku.

Mialiko huanza kutoka Julai na Agosti kwa vyuo vichache, hushamiri Septemba hadi Januari, kisha hudondoka kidogo kidogo hadi Machi. Kuanzia Oktoba 15 vyuo vya AMCAS vinaruhusiwa kutoa nafasi, na vingi hutoa kadiri vinavyosaili, kwa hiyo viti hupungua huku wewe ukisubiri. Kufikia Machi 15 chuo kinatakiwa kiwe kimeshatoa nafasi angalau sawa na idadi ya viti vyake.

Mipaka yangu ilikuwa hii: faili lililokamilika kabla ya Septemba na hakuna mwaliko hata mmoja hadi mwisho wa Novemba, naanza maandalizi ya kuomba tena. Nikifika katikati ya Januari bila mwaliko, napanga mwaka mzima kana kwamba jibu ni hapana. Faili lililokamilika Oktoba naliongezea muda, maana ukimya wa Desemba haujasema kitu. Wala ukimya si barua ya kukataliwa. Vipo vyuo ambavyo hukaa kimya hadi mwisho wa msimu.

Kwa nini Novemba? Kwa sababu ya MCAT. Mtihani hufanyika Januari, kisha huendelea kuanzia Machi au Aprili hadi Septemba, na majibu huchukua kama mwezi. Anayetaka alama mpya mkononi kabla ya Juni lazima aamue kabla ya mwaka kuisha. Ukomo ni mara 3 kwa mwaka, 4 kwa miaka miwili mfululizo na 7 maishani, na mtihani ulioufuta mwenyewe nao unahesabiwa. Sishauri kurudia kama majaribio kamili ya mazoezi hayajapanda kwa uthabiti, kwani alama ya chini itaonekana kando ya ile ya kwanza.

Lakini kabla ya kujiandikisha, tafuta ulipokwama. Bila usaili wowote, tatizo liko kwenye karatasi: alama, kuchelewa, uzoefu mchache na wagonjwa, au orodha mbaya ya vyuo. Hili la mwisho linapuuzwa sana. Vyuo vingi vya umma hupendelea wakazi wa jimbo lao, na vingi havichukui asiye raia wala mkazi wa kudumu. Ukisailiwa mara tatu na kukosa kote, MCAT haina kosa. Tumia majira ya baridi kufanya mazoezi ya usaili na mtu atakayekukatiza na kukuhoji kwa ukali.

Mwombaji wa mara ya pili huulizwa na vyuo vingi nini kimebadilika. Kuanza Januari kunakupa miezi mitano ya kazi halisi. Kuanza Aprili kunakupa zaidi saa unazotarajia kuzifanya baadaye, ambazo fomu inazipokea lakini hazina uzito uleule. Shughuli za kuorodhesha kwenye fomu ni hadi 15, zenye maelezo ya herufi 700 kila moja, na tatu muhimu zaidi huongezewa herufi 1,325. Niliziandika upya zote. Palipokuwa na "nilisaidia wagonjwa" niliweka nilichofanya: kupima shinikizo la damu, kuandika dawa anazotumia mgonjwa, kumtafsiria maelekezo ya muuguzi. Insha ya kueleza kwa nini nataka udaktari, yenye ukomo wa herufi 5,300, nayo niliianza upya. Barua za mapendekezo hazihami kutoka mwaka hadi mwaka, hivyo waandishi niliwaomba Februari wazihuishe na kuweka tarehe mpya. Casper pia hufanywa upya.

Ikiwa alama za MCAT zitatoka Agosti, au wastani wa masomo unahitaji mwaka mzima kupanda, ruka mwaka. Vipo vyuo vyenye ukomo wa mara ambazo mtu mmoja anaweza kuomba, kwa hiyo usiipoteze moja.

Ombi jipya unaweza kulituma Juni ukiwa bado kwenye orodha ya kusubiri. Orodha hizo husogea zaidi baada ya Aprili 30, waliopata nafasi kadhaa wanapotakiwa kubaki na moja, na simu huweza kuja hadi siku chache kabla ya masomo kuanza. Hakikisha namba iliyo kwenye akaunti ya kila chuo ndiyo unayoitumia.